Nyumba ya Kitheka

Kitengela,
11 Februari 2024

Kwa Susu Mbeke,

Aa, Susu. Nimeitikia mapema, maana najua ukifungua barua hii utasema "wakya" hata kabla hujavaa miwani. Natumaini magoti yamekupa nafasi na kuku wako weupe bado wanataga. Mvua ilinyesha huku siku moja, ikaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba, na vumbi la machimbo ya mawe limerudi kukaa juu ya kila kitu. Barua hii utaletewa na Oyoo, dereva wa lori la mawe anayepita hapo kwenu akienda Kajiado mjini. Nilikupigia simu ukasema unasikia upepo tu, ukakata. Sikulaumu. Ulipohitimu ngumbaru, masomo ya watu wazima, ulituambia neno la karatasi halikatiki, basi na tuandikiane.

Shuleni sijaenda kufundisha tangu Januari. Usishtuke. Nimekuwa nikichoka bila kufanya kazi, fizi zinatoka damu, na miguuni nina madoa kama nimepita katikati ya siafu. Daktari Cate, anayenitibu Nairobi, anasema mifupa yangu imepunguza kazi ya kutengeneza damu. Wameniongezea damu ya watu nisiowajua, nikarudi nyumbani. Sasa nakaa chumbani peke yangu, kwa sababu kinga ya mwili iko chini na hata mafua ya mtoto yanaweza kunilaza. Kwa hiyo usije. Najua umeshaanza kutafuta kitenge cha safari. Usije, Susu.

Ninachoomba ni Muteti. Daktari anataka ndugu wa tumbo moja apimwe, aonekane kama uboho wake unafanana na wangu, ili wanipe kidogo uote upya ndani yangu. Mwambie aache kuchomelea mageti hapo Kisaju siku moja tu.

Jambo la kukuchekesha. Muuguzi aliniuliza habari za wazazi. Mama, nikasema, ni Nzula, marehemu. Baba ni Kitheka Mbuvi wa Kajiado. Yuko hai? Ndiyo, nikasema. Lilinitoka mdomoni kama lilivyonitoka tangu darasa la kwanza, na yeye mara moja akampangia Kitheka siku ya kuja kutolewa damu. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba ni vigumu kumtoa damu mwanao, kwa sababu hakuwahi kuzaliwa. Nilicheka njia nzima hadi nyumbani.

Mjukuu wako,
Nthambi

*

Kajiado,
3 Machi 2024

Binti Kitheka, wakya.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, nyingine kwa sauti ili nisikie kama inasema ukweli. Mimi ni mzima, magoti ndiyo yale yale. Yule mbuzi mwenye doa amezaa pacha. Bishar wa duka ameniuliza mbona hukuja Krismasi. Nimempa salamu zako. Naye akasema kama kawaida yake, "Salimia Kitheka, mama," akanifungia sukari. Ndiye mtu peke yake hapa anayemsalimia Kitheka bila kucheka.

Muteti atakuja. Nimemwambia kama hataki nitamfuata na fimbo mpaka Kisaju, akasema, "Susu, kwani nimekataa? Niko na deni ya kumalizia geti moja tu ya mtu."

Usimcheke Kitheka. Juzi nimemwota. Alikuwa amesimama kwenye boma na ng'ombe wa rangi ya majivu, na nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Tangu mwaka nilipompa jina hajaacha kukua hata mwaka mmoja. Alipokuwa kijana nilikuwa namwota akikimbia, siku hizi anatembea. Aliniuliza habari zako. Nikamwambia umechoka kidogo. Aliendelea kuhesabu ng'ombe, na nilipoamka chumba kilikuwa na harufu ya mvua.

Hujaniambia kama unakula.

Susu wako,
Mbeke

*

Kitengela,
24 Machi 2024

Susu mpendwa,

Nakula. Uji, mayai yaliyochemka sana, na ndizi ninayoimenya kama mtu anayefungua bomu. Muteti alikuja, akakaa mbali, akaongea kupitia barakoa kama jambazi mwenye adabu. Nilifurahi kumwona.

Majibu yametoka. Muteti hanifai. Hatufanani hata kidogo kwa upande huo.

Sikuelewa, nikamwuliza Daktari Cate imekuwaje na sisi tumetoka tumbo moja. Akanieleza hivi, nami nakueleza nilivyoshika. Kila chembe ya mwili ina alama, kama ng'ombe na chapa. Askari wa kinga ya mwili hutembea usiku na mchana wakikagua chapa. Wakikuta ya nyumbani wanapita, wakikuta ngeni wanapigana. Kila mtu ana mafungu mawili ya chapa hizo, moja alilopewa na mama, moja na baba. Mama naye alikuwa na mawili yake, na anapozaa hutoa moja tu, bila kuchagua. Muteti alipewa moja, mimi nikapewa la pili. Na baba zetu, Susu, si mmoja. Hilo tulilijua wote hata kama hatukulisema mezani.

Nikauliza, basi kwa nini msitafute kwa watu wengine? Wametafuta. Kuna watu walioandikishwa ng'ambo kutoa uboho, mamilioni, lakini Waafrika humo ni wachache na Wakenya ni wa kuokota. Alisema Kenya ni nchi moja kwenye ramani, lakini kwa chapa hizi ni soko zima. Walioishi ziwani na mbu, walioishi nyanda kavu na mifugo, wa pwani, wa milimani, kila mahali magonjwa yalichagua chapa zake, karne baada ya karne. Hata majirani wa kijiji kimoja hawalingani. Tena wengi wetu hatujapimwa, kwa hiyo hakuna anayejua nani anafanana na nani.

Fungu langu la mama amelikuta kwa Wakamba wengi. La pili amelikuta mara chache, na kwa watu ambao wazee wao walitoka kaskazini mashariki. Akanionya kwamba damu haisomwi kama kitambulisho, chapa moja huzunguka kwa watu wengi. Lakini baba mzazi, Susu, hana budi kuwa na fungu langu moja. Ni lazima, kwa sababu yeye ndiye aliyelitoa. Watoto wake wengine huenda wakawa nalo pia, na siku hizi nusu inatosha. Mama yetu hakuwa na kaka wala dada. Kwa hiyo upande uliobaki ni mmoja.

Ilibidi nimweleze daktari kuhusu nyumba yetu. Nilimwambia Susu hakujaliwa mtoto, mumewe akafa, akafanya kama Wakamba wanavyofanya, akampa jina mwana ambaye hakuja, akatoa ng'ombe wa mahari, akamwoa mama yangu awe mke wa mwana huyo. Iweto. Akaniuliza mara tatu. Mwishowe akaweka kalamu chini, akasema, "Kwa hivyo babako ni mtu hakuwahi kuwa?" Nikamwambia amewahi sana, ila hana mwili.

Nauliza kwa adabu yote uliyonifunza. Ni nani?

Nthambi

*

Kajiado,
28 Aprili 2024

Nthambi, wakya.

Umeona mvua hii? Oyoo hakupita wiki nyingi, barabara ilikatwa na maji, na tulisikia huko kwenu Kitengela watu walipanda juu ya mabati. Niliomba Mungu. Muteti alisema chumba chako kiko ghorofani, nikalala.

Ukuta wa choo umeanguka. Mahindi yamesimama vizuri, maharage yameoza. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa, yule mwingine ananifuata kila mahali mpaka kanisani, na mchungaji amelalamika. Nimekutumia asali kwa Oyoo, asali ya nyuki wa hapa hapa. Chemsha kwanza, kwa sababu ulisema kila kitu uchemshe.

Kanisani tumekuombea. Mama wa kwaya amekufumia soksi.

Kula vizuri, vaa soksi.

Susu wako,
Mbeke

*

Kitengela,
12 Mei 2024

Susu,

Asante kwa soksi. Asali sikuruhusiwa, hata ya kuchemsha, nimempa jirani. Umeniandikia habari za choo, za maharage na za mbuzi anayependa mahubiri. Nilichokuuliza hukukigusa.

Naogopa kufa. Sikuliandika hivyo mwanzo kwa sababu sikutaka lilale nawe kitandani, lakini sasa nimeliandika. Damu wanayonipa inakaa siku chache tu kisha inakwisha, na kila nikirudi mwili unaikataa zaidi. Nina miaka thelathini na mitatu. Nina darasa la watoto walioniandikia kadi, na mmoja ameandika "Pona haraka tumechoka na mwalimu wa kushika nafasi."

Ningeweza kumtuma Muteti apite Kajiado mjini duka kwa duka akiangalia pua za wazee. Daktari ameshanipa upande wa kutazama. Lakini siwezi kufanya hivyo nyuma ya mgongo wako. Wewe ndiye uliyenilea mama alipokufa, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni nikiwa na surua. Nataka neno litoke kwako.

Nthambi

*

Kajiado,
26 Mei 2024

Nthambi,

Mimi ni mzima. Muteti ni mzima.

Sasa nisikilize. Mtoto wa iweto haulizwi baba, na mama yake haulizwi. Siyo siri. Siri ni kitu mtu anaficha kwa aibu, na sisi hatuna aibu. Ni heshima ya nyumba. Mwanamume aliyeingia alijua anaingia kwa Kitheka, na alipotoka alimwachia Kitheka watoto. Baba yako ni Kitheka.

Wewe ni mwalimu, umesoma, unajua chapa na mafungu. Mimi najua hivi: nilipoolewa kwa Mbuvi nilikuwa msichana wa kuimba, na mwaka wa tatu wanawake kisimani walianza kunyamaza nikifika. Mwaka wa saba walinipa jina. Sitaliandika. Mbuvi alipokufa, ndugu zake walikuja kupima shamba kwa macho wakiwa bado wanakula chakula cha matanga. Kitheka ndiye aliyewafukuza. Jina tu, Nthambi, jina la mtu ambaye sikumbeba hata siku moja, likasimama mlangoni, watu wakarudi nyuma. Nzula alikuja kwa jina hilo. Wewe ulikuja kwa jina hilo. Nilipokukanda maji siku uliyozaliwa nilikuwa namkanda mtoto wa mwanangu, na nilisikia furaha ambayo niliambiwa haitakuja kwangu.

Sasa unataka niseme ni fulani. Nikisema ni fulani, Kitheka anakuwa nani? Anakuwa uongo wa mwanamke tasa. Mtoto hawezi kuwa na baba wawili walio hai.

Nimechoka kuandika. 

Mbeke

*

Hospitali, Nairobi,
16 Juni 2024

Susu mpendwa,

Andiko litakuwa baya, naandika nimelala. Walinirudisha hapa wiki iliyopita kwa homa. Nina kitanda karibu na dirisha lisilofunguliwa, na nje kuna mti ambao sijui jina lake. Homa ikipanda mti unaingia ndani, ikishuka unarudi nje. Tumezoeana.

Nakuandikia kwanza kuomba msamaha. Nilisoma barua yako nikaona nilikuwa nakuomba kitu nisichokijua uzito wake. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hilo jina ulilopewa kisimani sikuwahi kulisikia, na sasa najua ni kwa sababu gani.

Pili, nikwambie nilichoota. Kitheka alikuja. Sikuwa nimewahi kumwota, nilikuwa nakuonea wivu. Alikuwa kama ulivyosema, mvi za pembeni, viatu vina matope ya boma. Akamwambia yule muuguzi, "Nimekuja kutolewa damu, nimechelewa, barabara ilikuwa mbaya." Akakaa, akakunja mkono wa shati, akanyoosha mkono. Muuguzi akafunga ule mpira, akagongagonga, akatafuta mshipa. Hakuupata. Akatafuta mkono wa pili. Kitheka alikuwa ananitazama tu, anaona haya, kama mzazi aliyeitwa shuleni hana karo. Halafu akaniambia, "Nisamehe, mwanangu. Sina." Nikamwambia si kitu, baba. Tulikaa hivyo, mkono wake bado umenyooshwa, mpaka kukapambazuka.

Nilipoamka sikuwa na huzuni, Susu. Nilikuwa nimemwona.

Kwa hiyo sitakuuliza tena. Nimemwambia Daktari Cate kwamba baba yangu alikuja na hakufaa. Alifikiri ni homa. Watajaribu dawa nyingine, wakati mwingine inashika. Usijilaumu. Mimi ni binti wa nyumba ya Kitheka na sitaibomoa ili nipate dirisha linalofunguka.

Mpe mbuzi salamu.

Nthambi

*

Kajiado,
7 Julai 2024

Nthambi, mjukuu wangu, wakya. Itikia kwa nguvu, nisikie kutoka huku.

Barua yako ilifika kwa Oyoo asubuhi moja. Niliisoma nimesimama, na nilipofika mahali mkono umenyooshwa niliketi chini kwenye vumbi. Mwanangu hajawahi kukosa kitu mbele ya mtoto wake. Chochote kilichotakiwa katika nyumba hii, karo, dawa, sketi za shule, kilitoka kwa jina lake. Na sasa amekuja kwako na kuomba msamaha. Nilimjua Kitheka kuliko mtu yeyote. Najua ombi alilokuwa nalo akashindwa kulisema. Alikuwa anaomba ruhusa ya kupisha njia.

Basi Jumamosi tulimzika.

Usifikiri nimepotewa na akili, wazee wameshafikiri hivyo kwa niaba yako. Nilimwita Muteti atengeneze sanduku. Akaniuliza, "Susu, saizi gani?" Nikamwambia ya mwanamume mzima. Akanitazama, halafu akaenda kutafuta mbao. Mchungaji naye akaja na maswali. "Mama, huyu marehemu alikuwa ameokoka?" Nikamwambia hajatenda dhambi hata moja tangu aanze, amtafute mwingine kama huyo katika kanisa lake. Akavaa joho. Ndugu za Mbuvi waliobaki wakasema, "Sasa unazika nini na hakuna mwili?" Nikawaambia mwili ndio mlitaka kuuona siku zote, leo nawaonyesha kaburi, na mwenye kaburi katika shamba hatolewi. Wakasogea pembeni. Ndani ya sanduku tuliweka blanketi jipya, asipate baridi.

Watu walijaa. Wengine walikuja kuchungulia, lakini udongo ulipoanza kugonga mbao hakuna aliyecheka. Bishar wa duka alikuja na kofia yake, akasimama nyuma. Halafu akachukua sepetu kwa Muteti, akafukia, mzee mzima, mpaka shati likalowa.

Nilimngoja amalize. Nikamwendea mbele ya watu, nikamwambia, "Bishar, mwenye mke amekufa. Sasa niko na ruhusa ya kukuuliza."

Akaweka sepetu chini. "Uliza, mama."

"Mtoto wa Nzula ni mgonjwa. Anataka damu ya upande wako."

Alishika kichwa. Akasema, "Mama, na mbona mmenyamaza? Mimi nilikuwa najua kwa macho tu. Nilikuwa kijana wa kuuza ng'ombe, sijaoa. Nikamwomba Nzula nimwoe, akaniambia yeye ni bibi ya Kitheka. Bibi ya mtu nikamwachia mwenyewe. Hii miaka yote nilikuwa naogopa Kitheka tu."

Nthambi, katika dunia hii yote mtu mmoja alimwogopa mwanangu. Nililia kidogo, nikamwambia aende nyumbani akamweleze mke wake Faysa kwa mdomo wake mwenyewe, asisikie sokoni. Akaenda.

Keshokutwa anakuja huko Nairobi na kijana wake Elmi. Yeye mwenyewe ana ugonjwa wa sukari na miaka mingi, hajui kama watamkubali. Elmi ana nguvu za kubeba gunia mbili. Wapokee. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nimeandika barua ndefu kuliko zote. Sasa nyumba iko kimya.

Mbeke

*

Kitengela,
20 Oktoba 2024

Susu wangu,

Aa, tena aa. Nimeketi kwenye kiti, dirisha liko wazi kiasi cha kiganja, kwa ruhusa. Nywele zimeisha zote, kichwa kinang'aa kama sufuria ya harusi. Muteti anasema nimefanana na Mbuvi kwenye ile picha ya ukutani. Nilimkumbusha Mbuvi hakunizaa kwa namna yoyote, akasema, "Wacha hizo, mmefanana."

Nisamehe kimya. Walinifungia chumba ambacho hata kalamu ilifutwa kwa dawa kabla ya kuingia. Najua Muteti alikupa habari, lakini nataka uzisikie kwangu.

Mzee Bishar alikuwa na fungu langu, kama ilivyopasa, ila moyo na sukari vikamzuia. Elmi naye akapimwa. Ingeweza kuwa ndiyo, ingeweza kuwa hapana, sawasawa. Ikawa ndiyo. Daktari Cate alileta majibu akikimbia, na yeye si mtu wa kukimbia. Elmi akacheka tu. "Sista, si ungesema mapema? Hii damu niko nayo mob, hata ya kugawa." Ana miaka ishirini na sita. Miaka mingi amekuwa akinipimia unga dukani na kuniita madam.

Walitoa uboho kwenye nyonga yake wakauning'iniza katika mfuko wa plastiki kama damu ya kawaida, mwekundu, mzito. Nilitegemea muziki. Uliingia kimya kimya huku mimi nikiota. Niliota natembea nchi kavu sana, nyeupe, na watu wananisalimia kwa lugha nisiyoijua nami naitikia vizuri tu. Nilimsimulia Elmi, nikamuuliza kama ni ngamia wa babu zake waliokuwa wananikaribisha. Akasema yeye hajawahi kumgusa ngamia, amezaliwa Kajiado, anaogopa hata punda.

Halafu tulingoja. Askari wapya wanakuja na chapa zao, nusu ni za nyumbani kwangu, nusu ngeni, na kila mtu anangoja kuona kama watapigana. Nilitoka vipele, nikaharisha, nikalia. Kisha siku moja daktari akasema mifupa imekumbuka kazi. Damu ninayotengeneza sasa ni ya Elmi, hata kundi langu la damu limebadilika. Bado nameza vidonge vya kuwatuliza askari, na bado naweza kuugua, siwezi kukudanganya. Lakini nilipanda ngazi za ghorofa leo bila kupumzika.

Mzee Bishar alikuja mara nyingi. Alikaa nje ya kioo, mikono magotini.  Kila mara aliniuliza kama nimekula, nami nikasema nimekula. Namwita Mzee Bishar, naye hajadai zaidi.

Kuna jambo linaniuma. Nimepona kwa kaburi la mwanao. Wewe uko peke yako kwenye nyumba hiyo, na mimi siruhusiwi kuja bado. Niambie ukweli, Susu. Uko vipi?

Nthambi

*

Kajiado,
10 Novemba 2024

Nthambi, wakya.

Nimesikia umeitikia. Barua yako niliipeleka kanisani nikaisoma mbele ya watu, nikaruka mahali pa kuharisha. Mvua za vuli zimeanza. Muteti ameweka paa jipya kwenye choo.

Umeuliza niko vipi. Simwoti tena. Usiku wa kwanza nilingoja, hakuja, nikajua ametulia. Nyumba ilikuwa kubwa sana wiki hizo. Sitakuficha, nilijuta siku mbili au tatu, na nilikukasirikia ukiwa umelala huko na mirija. Hasira imeisha.

Kuna jambo sikuliandika katika barua ya mazishi, kwa sababu lilitokea nilipokwisha kuifunga, na baadaye kalamu ilinishinda.

Nilikuwa nimeketi ndani, mlango nimeurudisha. Watu wa mazishi walikuwa wamekula wakaenda, na hakuna aliyebaki kulala matanga. Kwani wangelala kwa nini, waliona nimezika blanketi. Nikasikia hodi. Alikuwa Faysa, mke wa Bishar, na wanawake wawili wa kwao, wamebeba thermosi na mkate wao ule wa kukunja. Nilijua ameshaambiwa. Nikajipanga kwa maneno, nilifikiri amekuja kunitukana, na ningemstahi, maana mumewe nilimfichua mbele ya watu.

Hakusema habari ya mumewe. Alivua viatu, akaja akaketi chini sakafuni karibu na miguu yangu, akashika mkono wangu. Akasema, "Mama, pole. Nasikia umezika kijana."

Nikasema, "Asante."

"Alikuwa mkubwa?"

Nikamwambia angekuwa na miaka kama hamsini na mitano.

"Ulikuwa na wengine?"

"Ni yeye tu."

Akatikisa kichwa, akasema, "Wa kwanza na wa mwisho. Hiyo ni ngumu, mama. Mimi nilizika mmoja kabla ya Elmi. Nakaa na wewe."

Akakaa siku tatu. Alipika, alifagia, watu wakija alikuwa anawapokea mlangoni na kuwaambia waingie polepole, mama amefiwa.

Nthambi, tangu mwaka ule wa tatu kwa Mbuvi, watu wamenicheka, na wengine wamenihurumia. Wameniombea. Wamenipa mitishamba. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa pole, kwa sababu hakuna aliyeona kwamba kuna mtu niliyempoteza. Nililia kwa sauti siku hizo tatu, kama wanawake wengine wanavyolia, na hakuna aliyeniuliza ninalia nini.

Susu wako,
Mbeke